Je, Msemaji Ana Haki ya Kuchagua Neno?

Mwezi uliopita, katika mkutano wetu wa wainjilisti hapa Suguti, kijana mmoja alileta swali lililotuchelewesha kula. Ana ndugu afanyaye kazi kiwanjani kwa ndege, naye amesikia mengi kwake. Akasema, marubani wamewekewa maneno yao ya kunena redioni, yameandikwa katika vitabu vya sheria, nao hufundishwa na kupimwa. Lakini wakiisha kuizoea kazi wengi huyaacha. Rubani aambiwapo jambo na mwongoza ndege aliye mnarani hujibu "sawa, mkuu", au "tupo pamoja", au hasemi lo lote, ila hubonyeza kifungo cha redio mara mbili, kama mtu agongaye mlango, ndiyo kusema amesikia. Nao hufahamiana, na ndege hutua salama. Basi akauliza: Mtu aliye mwaminifu, akiisema kweli kwa maneno yake mwenyewe, amekosa nini?

Baadhi ya wenzetu walicheka. Kwetu ndege ni kitu kipitacho juu, kwenda Musoma, au Mwanza, au mbuga ya Serengeti. Sisi twasafiri kwa basi na kwa mtumbwi. Lakini mzee mmoja aliwanyamazisha. Akawakumbusha tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika ziwa hili letu, upande ule wa Bukoba, watu 19 wakafa, na wavuvi wakawa wa kwanza kufika kuwaokoa waliosalia. Msiba ule nautaja kwa ajili ya ziwa, si kwamba ni mfano wa jambo hili ninaloliandika. Ila tangu siku ile, hapa kandokando ya maji hatucheki sana habari za ndege.

Nimekaa na swali hilo, nikasoma niliyoweza kuyapata, na haya ndiyo niyaonayo. Msomaji asiye na haja ya ndege asiuruke ukurasa huu, maana nadhani swali si la ndege peke yake.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Mwongoza ndege hauoni uso wa rubani, wala rubani hauoni uso wake. Mara nyingi hata ndege yenyewe haionekani, kwa mawingu au kwa usiku. Mmoja ni Mtanzania, mwingine Mwethiopia au Mholanzi. Kila mmoja alilelewa na mama yake kwa lugha nyingine, nao hukutana katika Kiingereza, ambacho huenda si cha hata mmoja wao. Redio nayo hukwaruza. Tena wote walio karibu hutumia wimbi moja, na anenapo mmoja sharti wengine wanyamaze, la sivyo sauti mbili zaharibiana. Kwa sababu hiyo mataifa, kwa njia ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lililo Montreal, yamepatana juu ya maneno machache, kila neno na kazi yake moja. "Roja" maana yake, nimeyapokea maneno yako yote. Si "ndiyo", wala si "nitafanya". Atakayefanya husema "wiliko". Ndiyo ina neno lake, na siyo ina lake. Tarakimu ya tisa hutamkwa "naina", kusudi isidhaniwe kuwa ya tano. Na akipewa urefu wa kushukia, au njia ya kutulia, rubani hana ruhusa ya kujibu kwamba amesikia tu. Sharti ayarudishe maneno yale yale, ili aliyeyatuma asikie kama yamefika yalivyotoka.

Tangu Machi 2008 marubani na waongoza ndege wa safari za mataifa hupimwa lugha pia, nao hawana budi kufikia daraja la nne kati ya madaraja sita. Ni vema. Lakini mwenye lugha yake mwenyewe ndiye mwepesi kuichezea kuliko mgeni aliyejifunza kwa shida. Sisi wa bara twalijua jambo hili: mtu wa pwani akianza kunena kwa mafumbo, twabaki tumeshika tama, naye haoni kosa lake, kwa kuwa hakukosea sarufi hata kidogo.

Wala tusidhani shida hii i mbali nasi. Mwalike mgeni wa Ulaya aje saa mbili, naye huenda akabisha hodi saa nane ya mchana. Na rubani aondokaye Mwanza kwa saa yetu ya mbili asubuhi, ambayo kwa saa ya Kizungu ni ya nane, kitabuni mwake huandika saa ya tano, maana marubani wa dunia yote hufuata saa moja tu, ile ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Dakika moja hiyo hiyo ina majina matatu. Katika hayo matatu hapana hata moja lililo uongo. Lakini watu wawili wakiyatumia mawili mbalimbali, kila mmoja akiwa mkweli kabisa, watakosana njiani, au watakutana mahali wasipotaka kukutana.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Nairobi. Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa ya British Airways, ya aina ya Boeing 747, ilikuwa ikishuka kutua huko. Mwongoza ndege aliiruhusu kushuka mpaka futi 7,500, akitaja tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Ndani ya ndege wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Sasa uwanja wa Nairobi wenyewe u juu ya bahari kwa futi 5,300 na zaidi. Huko futi 5,000 ni chini ya udongo. Watu wale wenye elimu na uzoefu waliiweka mitambo yao iwapeleke chini ya udongo, wala hapana aliyeshtuka, mpaka nchi ilipoonekana mbele yao, wakaiinua ndege ikiwa imebakiza chini ya futi mia moja kuigusa ardhi. Hakufa mtu. Tazama, hapo hapakuwa na neno la mzaha. Ni "saba" moja tu iliyoanguka njiani. Ikiwa neno lililopangwa laweza kuponyoka hivyo, lile lisilopangwa litashikwa na nini?

Huko Subang, karibu na Kuala Lumpur, hawakupata neema kama ya Nairobi. Tarehe 19 Februari 1989 ndege nyingine ya aina ile ile, ya kampuni ya Flying Tiger, ilikuwa ikishuka na mizigo. Mwongoza ndege alitaka ishuke mpaka futi 2,400. Ilimpasa kusema elfu mbili na mia nne. Yeye akataja tarakimu tu, mbili, nne, sifuri, sifuri. Na kwa Kiingereza "mbili" na "mpaka" husikika sawasawa, zote ni "tu". Rubani akasikia "mpaka nne, sifuri, sifuri", yaani futi 400. Akakubali, akazirudisha nne, sifuri, sifuri, wala mnara haukumsahihisha. Ndege ikapiga kilima. Watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Neno lililoachwa lilikuwa "elfu", ambalo mtoto wa shule alijua.

Najua atakaloniambia kijana wetu, kwa kuwa aliniambia. Alisema kwamba neno ni vazi tu, kilichovikwa ndicho kitu chenyewe, na Mungu hutazama moyo. Nami nasema ni kweli, Mungu hutazama moyo, mnara hautazami. Mbele za Mungu hata kuugua kusiko na maneno kwasikika, lakini mwanadamu mwenzangu hana mlango mwingine wa kuniingilia ila neno nililompa. Wasemaji twajidhani wenye neno kwa sababu limetoka kinywani mwetu. Sivyo. Likiisha kutoka ni mali ya asikiaye, maana ndiye atakayelifanyia kazi, na katika ndege wako wengine nyuma, wenye watoto mapajani, wasiosikia redio wala hawakuulizwa kama wapenda rubani wao aseme kwa mtindo wake. Hao ndio walipao. Yule asemaye "tupo pamoja" ametumia uhuru, lakini ameununua kwa fedha ya watu waliolala nyuma yake.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya redio. Yowe likipigwa kijijini, ikiwa ni wezi wa ng'ombe, au moto, au mtu aliyezama, hapana aulizaye maana yake. Jembe hutupwa shambani na watu hukimbia. Na mtoto apigaye yowe kwa mchezo huchapwa, wala hachapwi kwa ajili ya kelele. Huchapwa kwa kuwa ameila akiba ya kijiji: siku ya hatari watu watasitasita. Marubani nao wana yowe lao, "meidei", lililochaguliwa miaka ya 1920 katika uwanja wa Croydon karibu na London, likifuata sauti ya Kifaransa ya kuomba msaada. Hutamkwa mara tatu, na kila asikiaye hunyamaza na kumwachia njia aliyelitamka.

Sasa nafika kwenye habari iliyonisumbua kuliko zote.

Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca ya Kolombia, safari namba 52, ilikuwa ikienda New York yenye watu 158. Hali ya hewa huko ilikuwa mbaya, ndege nyingi zilikuwa zikingoja, nayo ilizungushwa angani mara tatu, jumla ya saa moja na dakika 17. Mafuta yakapungua. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa akinena redioni. Aliwaambia waongoza ndege kwamba wanahitaji kutangulizwa. Akawaambia kwamba wangeweza kungoja kwa muda wa dakika tano hivi tu. Wakajaribu kutua, wakashindwa. Mkubwa wake akamwagiza awaambie kwamba wamo hatarini. Naye akawaambia kwamba mafuta yanawaishia, akamjibu mkubwa wake kwamba amekwisha kuwaambia. Lile neno hakulitamka. Mwongoza ndege akawapa mzunguko mwingine, akauliza kama jambo hilo lafaa kwao na kwa mafuta yao. Akajibu kwamba adhani lafaa, akashukuru sana. Dakika chache baadaye injini zikazimika, ndege ikaanguka penye kilima huko Cove Neck. Watu 73 wakafa. Haikuwaka moto, kwa sababu hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Nimeirudia habari ya mtu yule mara nyingi. Hakusema uongo. Mafuta yalikuwa yakiisha, naye alisema yanaisha. Lakini kwa mwongoza ndege mwenye ndege nyingi usiku ule, kila ndege iliyozungushwa ilikuwa ikipungukiwa mafuta. Maneno yale yalikuwa manung'uniko kati ya manung'uniko. Neno moja lingalimtenga na wenzake wote. Kwa nini hakulisema? Waliochunguza wameandika mengi juu ya lugha na mazoea ya kazi. Mimi, mtu wa Mara, nadhani namfahamu. Nadhani aliona haya.

Nani kwetu asiyemfahamu? Mtu huulizwa habari za nyumbani, hujibu "nzuri", na baada ya kuulizana habari za mvua na za ng'ombe, ndipo asemapo, "Ila mtoto tumemzika juzi." Huulizwa kama hajambo, hujibu "sijambo", naye homa imemshika hata meno yagongana. Adabu hii ni njema, siitukani. Iliwekwa kusudi mtu asimtupie mwenzake mzigo ghafula mlangoni. Hata hiyo ni maneno yaliyopangwa! Lakini yalipangwa kwa kazi nyingine, kazi ya kulainisha. Kosa ni kuichukua adabu ya barazani na kuipeleka mahali ambapo shida yapaswa kutangulia. Mnarani shida hutangulia, tena mara tatu, bila salamu. Tangu mwaka 2012 sheria ya mataifa yataka rubani aonapo kwamba mafuta hayatamfikisha salama, atamke meidei mara tatu, kisha neno "mafuta". Hapana "naomba", hapana "kama yawezekana".

Na sisi wachungaji twalijua jambo hili tukitaka kulijua. Bwana arusi nikimwuliza mbele ya kusanyiko kama amkubali mwanamke huyu, akanijibu, "Nadhani ni sawa, asante sana," sitaendelea, hata kwaya ikiwa imekwisha kusimama.

Lakini nisimpe kijana wetu jibu lililo jepesi mno, kana kwamba kuyakariri maneno yaliyopangwa kwatosha. Kasuku naye hukariri. Tena neno lina watu wawili, na yule wa pili ana deni lake. Habari iliyo kubwa kuliko zote katika jambo hili ni ya Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili za Boeing 747, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan American ya Marekani, zilikuwa katika njia moja ya kurukia, na ukungu umefunika, hata mnara haukuziona. Waholanzi walipewa maelezo ya njia yao ya angani; hawakuwa wamepewa ruhusa ya kuruka, ila katika maelezo yale neno "kuruka" lilikuwamo. Rubani msaidizi akayarudisha maelezo, akamaliza kwa maneno ya kujitungia, ambayo mtu angaliweza kuyaelewa kwamba wamekaa tayari kuruka, au kwamba wamo katika kuruka. Mnara ukajibu "sawa". Kisha ukasema wangoje. Na saa ile ile Wamarekani wakasema kwamba wao wangali njiani. Sauti mbili zikaharibiana, na Waholanzi wakapata "sawa" peke yake, na nyuma yake mlio tu. Watu 583 wakafa. Tangu hapo neno "kuruka" limetengwa: halitamkwi redioni ila kwa kuitoa ruhusa yenyewe au kuifuta.

Hayo yamo katika vitabu vya sheria. Lakini liko jambo dogo ambalo sheria ya maneno haiwezi kulitengeneza. Ndege ya KLM ilipokuwa imeanza kukimbia, fundi aliyekaa nyuma ya marubani alisikia kitu redioni kilichomtia shaka, akauliza kama yule wa Pan American hajaondoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye sifa, mwalimu wa marubani wengine, akamjibu kwa nguvu kwamba ameondoka. Baada ya jibu hilo fundi hakuuliza tena.

Hapo nilikifunika kitabu. Kwa maana kwetu mdogo humwuliza mkubwa mara moja, na akiisha kujibiwa, kuuliza tena ni utovu wa adabu. Mashirika ya ndege yalipojifunza kwa misiba ya namna hiyo, yalianza kuwafundisha wadogo kuuliza tena, na wakubwa kuvumilia kuulizwa. Na nasikia la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Siwezi kushangaa. Ni mara ngapi mwinjilisti ameniuliza kitu mbele ya watu, nikamjibu kwa sauti ile ambayo haimwachii nafasi ya kuuliza tena?

Nami sina budi kuongeza habari yangu mwenyewe, ingawa si ya ndege. Masika iliyopita, mke wa mzee mmoja wa usharika alinipigia simu wakati wa chakula cha mchana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za watoto, na za mvua, na za kanisa. Nikauliza, "Na Mzee hajambo?" Akasema, "Hajambo kidogo, Baba Mchungaji. Anakusalimu sana. Ukipata nafasi, upite." Nikasema, "Sawa, Mama, nitapita." Nikaendelea kula.

Nilipata nafasi siku ya tatu. Nilipoiacha barabara na kushika njia ya kwenda kwao, niliona watu wengi wamekaa chini ya mwembe, na wanawake wamejifunga kanga viunoni, wakipika katika masufuria makubwa. Yule mama akanipokea vizuri, akanipa kiti. Akaniambia kwamba Mzee aliniulizia siku zile mbili, akitaka Chakula cha Bwana, na kwamba alikuwa na neno alilotaka kuliungama, ambalo hakutaka kumwambia mtu mwingine. Nikamwuliza mbona hakuniambia kwamba hali ni mbaya. Akanitazama kwa mshangao, wala si kwa hasira. "Nilikuambia upite, Baba."

Naye alikuwa ameniambia. Katika miaka kumi na mitano ya kazi hii nimelisikia "hajambo kidogo" mara nyingi, penye vitanda vingi, nami nilijua laweza kubeba nini. Ningaliuliza tu, "Anakula?" angalinijibu kweli. Nimetazama katika simu yangu: mazungumzo yale yalichukua muda usiotimia dakika mbili, na zaidi ya nusu yake ilikuwa salamu.